Robo ekari

Kamba ya katani ilipofika kwenye shina la mringaringa, baba mdogo aliinua mkono akasema, "Hapo." Kaka yangu wa pili akachimba shimo dogo kwa ncha ya panga, akachomeka kipande cha isale chenye urefu wa mkono, akakandamiza udongo kwa kisigino. Mpaka ukawa umewekwa. Ilikuwa Desemba, siku mbili baada ya Krismasi, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Tulikuwa tunagawana kihamba cha marehemu baba yetu, juu ya Marangu, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, kihamba ni nyumba, shamba, banda la ng'ombe na makaburi ya ukoo, vyote mahali pamoja. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachaga huupanda mpakani. Ukimkosea mtu kisha ukamwendea na jani la isale mkononi, si rahisi akunyime msamaha. Wazee waliuchagua uwe alama ya mpaka kwa sababu hiyo hiyo: ang'oaye isale anavunja kitu kikubwa kuliko mpaka.

Babu yangu alikuwa na ekari 3. Wanawe waliobaki mlimani walikuwa watatu, kila mmoja akapata ekari moja. Baba kwenye ekari yake alituzaa wanne, wavulana watatu na mimi. Zamani mtoto wa kike hakuhesabiwa kwenye mgawo, akatarajiwa kula kihamba cha mumewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilishasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu, na kaka zangu, nawashukuru, hawakusubiri niwasomee kifungu. Kila mtu robo ekari. Mdogo wetu wa mwisho akapata robo yenye nyumba ya mama, kama desturi inavyotaka.

Robo ekari ni mita za mraba elfu moja na kidogo. Niliipima ya kwangu kwa miguu mara baada ya wengine kwenda kunywa chai: hatua 40 kwenda, hatua 40 kukata upande. Ndani yake kuna mringaringa mmoja, mashina ya migomba kama thelathini, mibuni michache iliyozeeka, na kaburi la bibi. Nilisimama pale nikafikiria watoto wangu wawili. Hakuna aliyetuibia. Ardhi haikupungua hata shubiri moja tangu enzi za babu. Ni hesabu tu, kugawa kwa tatu, kisha kwa nne, na ndani ya maisha ya mtu mmoja ekari 3 zimekuwa vipande kumi na kitu.

Hesabu hiyo ninaifahamu pia kwa upande mwingine, kwa sababu Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na walimu wengi tulichukuliwa. Nilitembea na kishikwambi mkononi na kizibao chenye rangi ya kung'aa, kutoka nyumba moja hadi nyingine, nikiuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23. Majibu ya kaya ni siri, na siri hiyo ninaitunza. Jumla ya nchi ilitangazwa Dodoma mwishoni mwa Oktoba: watu 61,741,120. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu milioni 12.3. Kwa hiyo ndani ya miaka 55 tumekuwa mara tano. Kati ya mwaka 2012 na 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, na kwa mwendo huo nchi huongezeka maradufu kila baada ya miaka 22 hivi. Wiki mbili baada ya Dodoma kutangaza, Umoja wa Mataifa ukasema dunia nzima imefikisha watu bilioni 8.

Mkoa wetu haukui kwa kasi hiyo. Kilimanjaro ilikuwa na watu wapatao 650,000 mwaka 1967, na sasa ina 1,861,934. Ni karibu mara tatu, si mara tano, na kwa miaka kumi ya mwisho ongezeko ni kama asilimia 1.3 tu kwa mwaka. Watu wetu wanaondoka. Wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, wako kila penye duka. Hata uzazi kwetu ni miongoni mwa uzazi mdogo kabisa nchini. Mtu angetegemea basi kwamba mlima umepumua.

Nilipokuwa nazunguka na kishikwambi niliona kwa nini haujapumua. Nilikuta nyumba nyingi zenye kufuli. Nyumba nzuri, za matofali, bati la rangi, vigae barazani, ukuta wenye geti. Wenyewe wako mjini na huja Desemba. Nikabisha hodi, nikaandika jengo, nikaenda. Mahali ambapo nyumba hizo zimesimama, mimi nikiwa msichana wa kukata majani, palikuwa na migomba.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nadhani watu wengi wanapozungumzia ongezeko la watu na mazingira hufikiria midomo tu: watu wengi, chakula kingi, miti mingi imekatwa. Mlima wetu unaonyesha jambo lenye kona zaidi. Kihamba kilikuwa tayari kinalisha watu wengi sana kwenye eneo dogo, na udongo haukwenda popote. Miaka ya 1980 watafiti walipopima vihamba walikuta wastani wa hekta 0.68, chini ya ekari mbili, na ndani yake mimea ya aina zaidi ya 100. Mwaka 2011 vihamba vya kijiji cha Shimbwe Juu vilitambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kama urithi wa kilimo wa dunia. Kwa macho ya mgeni ni msitu. Juu kabisa kuna mringaringa na mruka, miti mikubwa inayotoa kivuli na kudondosha majani. Viazi vikuu vinapanda kwenye mashina yake. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi, maharage na mnavu. Tone la mvua kabla halijagusa ardhi limeshapiga majani mara nne. Linafika chini limechoka, halina nguvu ya kuchukua udongo.

Lakini injini ya yote hayo ni ng'ombe. Ng'ombe wa kwetu hachungwi, anakaa bandani mwaka mzima. Anakula majani ya migomba, maganda ya ndizi, na mgomba wenyewe ukishakatwa mkungu, tunaukatakata vipande vyenye maji akala. Hayo hayatoshi. Mama yangu, na bibi kabla yake, na mimi hadi nilipokwenda chuo cha ualimu, tulishuka porini, huko tambarare kuelekea Himo, tukakata majani, tukapanda nayo kichwani. Saa nne au tano za njia, kwenda na kurudi, mzigo unakufunika hadi mabegani, unaona miguu ya aliye mbele yako tu. Nilichokuja kuelewa ukubwani ni kwamba tulikuwa tunabeba rutuba. Majani ya tambarare yaliingia kwa ng'ombe, yakatoka samadi, samadi ikaingia kwenye mashina ya migomba. Shingo za wanawake ndizo zilizourutubisha mlima huu kwa vizazi.

Sasa gawa ekari kwa nne. Robo ekari yenye nyumba juu yake haibebi ng'ombe. Migomba thelathini haitoi chakula cha kumfikisha hata nusu mwaka, na yule aliyepata robo hiyo pengine ni mwalimu au fundi, hana mtu wa kumtuma porini. Huko porini penyewe siku hizi kumelimwa mahindi hadi ukingo wa barabara, na majani yanauzwa kwa mzigo. Ng'ombe anauzwa. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tatu mikungu inakuwa midogo, mgomba unaanguka kwa upepo mdogo kwa sababu mizizi imekaa juu. Kahawa ilishadhoofu siku nyingi: tangu mgawo wa mauzo wa kimataifa ulipovunjika mwaka 1989, bei imeyumba kiasi kwamba wengi walichoka wakang'oa. Ukishang'oa kahawa hukihitaji tena kivuli chake. Anakuja mtu na msumeno wa mashine, anakuonyesha noti, mringaringa wa babu unakuwa mbao za makabati. Badala yake unapanda nyanya, na nyanya zinataka jua. Tone la mvua sasa linashuka moja kwa moja.

Ndiyo maana nasema shida ya mlima huu haikuanza siku midomo ilipozidi chakula. Ilianza pale kipande kilipokuwa kidogo mno kumbeba ng'ombe. Kabla ya hapo watu waliongezeka na kihamba kikaongezewa kazi, kikatoa zaidi. Baada ya hapo kila anayeongezeka anavuta uzi kwenye kitambaa.

Angalia na bati. Nyumba ambayo kaka yangu mkubwa anataka kujenga kihambani, kwa ramani aliyotuonyesha kwenye simu, itakuwa na paa la kama mita za mraba 150. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Usiku mmoja wa masika, milimita 40 si ajabu kwetu. Paa hilo litamwaga lita 6,000 usiku huo, mapipa thelathini, zote kwenye pembe nne za nyumba, mahali ambapo jana migomba ingezinywa. Kama hakuna tangi, maji hayo yanatafuta njia. Jirani yetu wa upande wa chini alijenga ukuta miaka minne iliyopita, ukapita juu ya mfongo.

Mfongo ni mfereji wa maji uliochimbwa na wazee kutoka kwenye mto huko juu, ukaongozwa kwa jicho tu, bila chombo cha kupimia, kupita mteremko hadi kwenye kila kihamba. Kila ukoo ulikuwa na siku yake ya maji, na kabla ya msimu watu wote walitoka kuuzibua. Mtu asiyefika alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mfongo wetu sasa una maji kwa msimu tu, kwa sababu nyumba nyingi zina bomba na walio tayari kushika jembe kwa ajili ya mfereji ni wazee. Ulipozibwa na ule ukuta hakuna aliyelalamika, ulionekana umekufa. Masika iliyofuata maji ya mabati matatu yalishuka kwenye njia yake ya zamani, yakafika ukutani, yakageuka kushoto. Leo pembeni ya ukuta huo pana korongo linalonifika kiunoni. Nimeshuka ndani yake. Upande mmoja unaona tabaka za udongo mweusi, mzuri, wa volkano, unene wa mkono mzima, na mizizi ya migomba imening'inia hewani kama nywele. Chini kabisa kuna mawe, chupa, na pampasi za watoto. Udongo uliotoka humo uko njiani kwenda Himo, na kutoka hapo kuteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye mto Pangani, lililojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji.

Mtu atauliza kwa nini wasipande juu au washuke chini. Wachaga tumebanwa kati ya mistari miwili. Juu ni msitu. Ulishawekwa kuwa hifadhi ya misitu wakati wa ukoloni, na mwaka 1941 ukatengwa ukanda ambao hadi leo tunauita Nusu Maili, ili wanakijiji wapate kuni na mbao bila kuingia ndani. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 ikapanuliwa ikauchukua msitu wote. Kuna uchungu juu ya mstari huo, hasa kwa akina mama ambao majani na kuni walizoea kuvipata huko, na uchungu huo ni halali. Lakini nakumbuka pia uchunguzi wa kutoka angani wa mwaka 2001, uliokuta miti ya mkulo zaidi ya 2,000 imekatwa ndani ya msitu, pamoja na matanuri ya mkaa. Mkulo ukifa leo, wajukuu hawatauona ukiwa mkubwa.

Na msitu huo ndio maji yetu. Mji wa Moshi hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka, lakini msituni juu ya vihamba mvua huzidi milimita 2,000, na kuna ukungu unaonaswa na matawi na sponji za kuvumwani ukadondoka polepole. Wageni wengi hudhani mito yetu inatoka kwenye theluji ya Kibo, kilele cha mlima wetu. Sehemu ya theluji ni ndogo sana. Mito yetu inatoka kwenye miti.

Theluji nayo niseme, maana watoto darasani huniuliza. Tangu mwaka 1912 hadi 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85. Huku kijijini tumezoea kujilaumu, tunasema tumekata miti ndiyo maana theluji inaisha. Wataalamu wanaoipima wanaeleza kwamba sababu kubwa ni hali ya hewa ya eneo zima na ya dunia: ukavu ulioanza karne ya kumi na tisa na joto lililoongezeka baadaye. Hesabu ya watu peke yake haielezi joto hilo. Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ya kaboni kwa mwaka, na Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Mama yangu, aliyezeeka akipikia matawi yaliyopogolewa kwenye kihamba chake, hana deni kwa Kibo. Nataka watoto wa kwetu walijue hilo. Korongo la pembeni ya ukuta ni letu na tulijibu sisi. Theluji ina wadeni wengine.

Upande wa chini hali ni nyingine. Chini ya vihamba walikaa walowezi na mashamba yao makubwa ya kahawa na mkonge, kwa hiyo hata babu zetu walipotaka kushuka walikuta njia imezibwa. Chini zaidi ni ukame. Vizazi viwili vya mwisho vimeshuka hata hivyo. Himo niliyoijua ikiwa kituo cha basi na soko la mahindi sasa ni mji. Upande wa kaskazini-magharibi, tembo waliokuwa wakitoka Kilimanjaro kwenda Amboseli nchini Kenya wamebakiwa na ushoroba wa Kitendeni, na huo umebanwa na mashamba pande zote mbili. Mkulima wa huko akiamka akakuta mahindi yamekanyagwa, humwambii habari za bioanuwai. Ana watoto wa kusomesha kama mimi.

Ni nani basi aliyezaa sana? Bibi yangu alizaa watoto 9. Wawili alizika kabla hawajatembea. Mama alizaa wanne na hakuzika hata mmoja, kwa sababu kulikuwa na chanjo, zahanati na maji ya bomba. Hii ndiyo sababu kubwa ya sisi kuwa wengi, na siwezi kuiita tatizo hata kidogo. Miaka ya 1990 kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, zaidi ya 140 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta ni 43. Kila mmoja wa hao waliobaki ni mtoto ambaye mama yake hakuvaa kaniki.

Mimi nimezaa wawili. Hakuna serikali iliyonilazimisha. Nilisoma, nikaolewa nikiwa na miaka 26, nikapata mahali pa kwenda kuuliza kuhusu uzazi wa mpango bila kuona haya. Bibi hakuwa na hata kimoja katika hivyo, na kwake mtoto alikuwa mkono wa ziada wa kukata majani na mtu wa kumzika. Nchi nzima inakwenda njia hiyo hiyo kwa mwendo wake: mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa wastani wa watoto zaidi ya 6, mwaka 2022 ilikuwa 4.8. Hata hivyo idadi itaendelea kupanda kwa miaka mingi, kwa sababu zaidi ya asilimia 40 yetu tuko chini ya umri wa miaka 15. Hao wazazi wa kesho wameshazaliwa. Ninawafundisha kuzidisha na kugawanya.

Kwa hiyo sioni faida ya kuwahubiria watu wa kwetu wazae kidogo, walishaanza. Ninachokiona mbele yangu ni kamba ya katani. Sheria ya mirathi haitamki neno juu ya ng'ombe. Haitamki juu ya mfongo wala mahali pa kumwaga maji ya bati. Inagawa eneo, na kihamba hakikuwahi kuwa eneo. Kilikuwa mzunguko, na mzunguko ukiukata vipande vinne hupati mizunguko minne midogo.

Nililisema hili mbele ya ndugu zangu siku ile, tulipokaa kwenye kivuli baada ya masale kupandwa, kata ya mbege ikizunguka. Nilipendekeza tugawane hati lakini tusigawane shamba. Ng'ombe abaki mmoja kwenye robo ya mdogo wetu, ale migomba ya robo zote nne, na samadi irudi kwa zamu kama wazee walivyogawana siku za maji. Anayejenga ajenge upande wa barabara, nyumba moja ya ghorofa kwa wawili kama ikibidi, tangi kwenye kila pembe, na asijenge ukuta. Mpaka tayari una masale.

Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwanangu, hayo ndiyo maisha tuliyoyakimbia. Kila mtu anataka chake." Hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe aligombana na baba miaka sita juu ya mfereji. Mdogo wetu, ambaye ndiye atakayeamka saa kumi na moja kumpa ng'ombe majani wakati sisi tuko mijini, aliuliza nani atamlipa. Swali la haki, na sikuwa nimelifikiria. Tukahesabu pale pale: tukichanga watatu kwa mwezi, gharama ya mizigo ya majani inapatikana, naye akabaki na maziwa. Akakubali. Kaka wa pili akakubali pia.

Kaka mkubwa alinyamaza. Amefanya kazi Dar es Salaam miaka thelathini, amepanga vyumba vya watu miaka yote hiyo, na nyumba hii ya kihambani ni ndoto aliyoibeba tangu akiwa kijana. Anataka watoto wake, wanaozungumza Kichaga cha salamu tu, wawe na mlango wao mlimani. Namwelewa kuliko ninavyoweza kumwambia. Alisema atafikiri, tutazungumza Pasaka.

Pasaka imepita, alikuwa na dharura kazini. Lakini kabla ya hapo, mwanzoni mwa Januari, fuso ilikuja ikamwaga matofali 600 ya saruji aliyokuwa ameshayalipia. Walikosa pa kuyaweka kwa sababu ya migomba, wakayapanga uwanjani mbele ya nyumba ya mama, pale pale anapoanikia maharage. Nilikwenda wiki jana. Ng'ombe ana mimba, masale yote matatu yameshika na yametoa majani mapya. Mama ametandika magunia juu ya matofali, na maharage yanakauka vizuri kuliko chini, anasema, kwa sababu kuku hawafiki.